Daftari la nywila za wateja wangu hapa Moshi, na hizi paskii mnazotuletea

#1 KopiNaSkani (Moshi)

Wakuu habari za jioni. Poleni na mvua kwa walio huku kwetu, leo siku ya tatu mlima haujaonekana.

Nina steshenari karibu na soko la Mbuyuni, mwaka wa tisa huu. Kopi, leminesheni, picha za pasipoti, na kazi iliyokuja kuzimeza zote hizo: maombi ya mtandaoni. Ajira, vyuo, TIN, cheti cha kuzaliwa, chochote kinachosema "ingia kwenye mfumo" kinaishia kwenye benchi langu.

Chini ya kaunta nina kaunta buku la kwaya nne. Jalada limechakaa, nimelizungushia selotepu mara mbili. Ndani kuna majina ya watu zaidi ya mia tatu, na mbele ya kila jina kuna barua pepe, nywila, namba ya simu, na kwa wengine namba ya NIDA na jina la mama. Sikulianzisha kwa ubaya. Mtu anakuja Machi namfungulia akaunti, anarudi Agosti hajui hata barua pepe yake inaanza na herufi gani. "Si wewe ndiye uliyenifungulia?" Ukimjibu hujui, anakuona mwizi. Ndipo nikaanza kuandika.

Na nywila zenyewe mnazijua. Jina la mtoto wa kwanza na mwaka aliozaliwa. Mfumo ukidai herufi kubwa na alama, inaongezwa alama ya mshangao mwishoni. Nusu ya daftari naweza kulisoma bila kulifungua.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Wiki tatu zilizopita alikuja binti wa Uru, amemaliza kidato cha sita. Akaunti yake kwenye mfumo mmoja wa maombi ilifunguliwa na steshenari nyingine iliyokwishafunga, na namba iliyowekwa ni ya mama yake. Mama alibadilisha laini mwaka juzi. Mfumo unasisitiza kutuma tarakimu sita za uthibitisho kwenye laini ile ile ya zamani, njia nyingine haioneshi. Tukaipigia, ikaita. Akapokea mzee mmoja yuko Tabora. Laini ilikaa kimya, ikafungwa, namba ikauzwa upya, basi.

Nikajieleza kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, samahani, kuna ujumbe utaingia kwenye simu yako una tarakimu sita, naomba unisomee tu."

Wakuu, niliisikia sentensi hiyo ikitoka mdomoni mwangu nikajua nimekwisha. Mzee alinipa zangu zote. Aliniuliza kama mama yangu anaijua kazi ninayofanya mjini. Akasema ninyi ndio wa "ile hela tuma kwenye namba hii", namba yako naipeleka 15040 ya kuripoti matapeli, akakata. Binti akampigia mwenyewe akilia. Akaambiwa, "Na wewe wamekufundisha kulia."

Na mzee hakukosea! Alifanya kile ambacho redio inamwambia afanye kila siku. Binti alipata akaunti yake baada ya siku kumi na moja na safari mbili za ofisini.

Sasa nasoma kila mahali kwamba nywila zinakwisha, zinakuja paskii, utambulisho wa kidijitali, na mengine. Wataalamu naomba mnieleze kwa Kiswahili cha watu. Na msiniambie jinsi zinavyofanya kazi tu. Niambieni zinavyofanya kazi hapa, ambapo mwenye akaunti na anayebonyeza ni watu wawili.

#2 Toyo_Majengo

Mia tatu?! Mkuu duka lako lina mlinzi usiku? Natania, mods msinifungie.

#3 Chalii_wa_Kaloleni (Arusha)

KopiNaSkani, usijione umeanzisha dhambi mpya. Nywila za kompyuta zilianza kule chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mashine moja iliyotumiwa na watu wengi, kazi ya Fernando Corbató na wenzake. Mwaka 1962 mtafiti mmoja pale, Allan Scherr, aliona saa alizopangiwa hazimtoshi. Akaiomba mashine imchapishie faili la nywila zote. Mashine ikachapisha, akaenda kuchukua karatasi zake. Daftari lako lina babu yake.

Mimi naandika programu za wavuti, ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Wavuti haikutengewa mahali pa mtu. Tim Berners-Lee alipoitengeneza kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi, kati ya 1989 na 1991 ilikuwa ya kusomeana nyaraka. Unaomba ukurasa, unapewa, mmeachana. Ukija kuomba wa pili seva haikujui. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape, watengenezaji wa kivinjari, akabuni kuki: kipande cha maandishi ambacho seva inakikabidhi kivinjari chako, nacho kinakirudisha kila unapokuja, kama kile kikaratasi cha namba unachopewa ukiacha begi stendi. Hapo ndipo tulipoweza kuingia kwenye akaunti na kubaki ndani. Hapo hapo wenye matangazo nao wakapata pa kutufuatia. Tangu siku hiyo tunashona viraka juu ya kiraka. "Ingia kwa Facebook" ya 2008 ni kiraka. Ilikwenda vizuri mpaka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook ilipozimika kwa muda wa karibu saa sita na milango ya watu wengine iliyokuwa ikifunguliwa kwa ufunguo wake ikabaki imefungwa. Tarakimu sita za kwenye simu nazo ni kiraka, tena kibovu.

Paskii ni kitu kingine. Simu yako inatengeneza funguo mbili zinazoendana, kwa ajili ya tovuti moja tu. Mmoja wa siri unaubakiza kwako. Mwingine wa wazi unapewa tovuti, na hata ukiibwa hauna kazi. Siku ya kuingia, tovuti inakutumia fumbo jipya, simu inakuomba kidole au PIN, inalitia saini fumbo kwa ufunguo wa siri, tovuti inaikagua saini kwa ule wa wazi. Kidole chako hakisafiri kwenda popote, kazi yake ni kuifungua simu. Hakuna tarakimu za kumsomea mtu, kwa hiyo mzee wa Tabora na binti wa Uru wasingekutana kabisa.

Na uzuri wake mkubwa uko hapa: tapeli akitengeneza tovuti inayofanana na ya benki yako, wewe jicho lako linaweza kupitwa na herufi moja. Simu haipitwi. Ufunguo umefungwa na jina halisi la tovuti. Jina likiwa jingine, saini haitoki.

Kanuni zake, WebAuthn, zilipitishwa na W3C, shirika linalopanga kanuni za wavuti, Machi 2019. Tarehe 5 Mei 2022 Apple, Google na Microsoft wakatangaza kwa pamoja kwamba wanaziingiza kwenye simu na kompyuta za watu wa kawaida. Simu yako ikiwa Android 9 kwenda juu, unayo tayari.

#4 MwalimuMstaafu_Machame

Wanangu hamjambo. Nimewasoma. Zamani mtu alijulikana kwa barua ya mtendaji yenye muhuri wa zambarau. Ulikuwa unaijua sahihi ya mtendaji kuliko sura yake. Na barua ile mtu aliweza kumpa mwanaye akaenda nayo mjini kumwakilisha. Hizi funguo zenu zinaweza kutumwa na mtoto?

#5 KopiNaSkani

Shikamoo mwalimu. Umelisema kwa sentensi moja, mimi nimelihangaikia kurasa mbili.

Chalii, nimekuelewa na nimependa. Lakini simu ikiibiwa je?

#6 Chalii_wa_Kaloleni

Marahaba kwa niaba ya mwalimu, haha. Shikamoo mwalimu.

Simu ikiibiwa: kwenye simu nyingi sasa ufunguo unahifadhiwa pia kwenye akaunti yako ya Google au Apple, ukiwa umefumbwa. Ukinunua simu nyingine ukaingia kwenye akaunti yako, funguo zinarudi.

#7 KopiNaSkani

Na akaunti ya Google yenyewe ukiisahau, wateja wangu wanairudishaje? Kwa namba ya simu. Yaani tumezunguka mlima mzima tumerudi Marangu Getini.

#8 Mguu_wa_Barafu

Natoa ushuhuda. Mimi ni mwongoza wageni mlimani, msafara wa Machame, simu ilinitoka mfukoni kwenye ukuta wa Barranco. Unaiona inaruka tu jiwe hadi jiwe, wageni wanapiga kelele kama mpira. Barua pepe ya kazi, mawasiliano ya wageni wa mwezi mzima, vyote vilikuwa mle.

Nilishuka, nikarudisha laini, nikanunua simu nyingine. Akaunti nilikuwa naikumbuka, namba ilikuwa ile ile, nikaingia, na kile kidole-kidole kikarudi chenyewe. Nusu saa nilikuwa nawajibu wageni. Kwa hiyo kwangu ilifanya kazi. Ila Chalii anajua, mimi nilikuwa na namba ile ile. Yule mama wa Uru hakuwa nayo.

Halafu mtu asiniambie mlimani hakuna mtandao. Kambi ya Horombo TTCL walizindua intaneti ya kasi Agosti 2022, mita 3,720. Shida yangu ilikuwa simu yenyewe kuwa bondeni.

#9 MamaSaluni_Soweto

Mimi si mtaalamu ila nina swali ambalo wanaume hamjaliuliza. Simu nyingi za wake za watu zina kidole cha mume ndani yake. Ama PIN anaijua. Mama anakuja saluni kwangu anafungua kibubu kidogo mtandaoni asijue mtu. Kwa nywila, anaiweka kichwani. Kwa paskii yenu, mwenye kufungua simu amefungua kila kitu. Au nimekosea?

#10 Chalii_wa_Kaloleni

Hujakosea, dada. Paskii inathibitisha kwamba anayeingia ana simu na anaweza kuifungua. Haijui ni mke au mume. Nimehudhuria mikutano mingi ya wataalamu wa programu, swali hili sijawahi kulisikia, wote tunadhani simu moja mtu mmoja. Unaweza kuvifuta vidole kwenye mipangilio na kubaki na chako, lakini najua utaniuliza nini baada ya hapo.

#11 MamaSaluni_Soweto

"Umekifuta kwa nini?" Ndiyo.

#12 Sheria_Njiro (Arusha)

Nimecheka na nimeogopa. KopiNaSkani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, achukue zinazohitajika tu kwa lengo alilolitaja, azilinde, asizikalishe kupita lengo hilo. Kaunta buku ni kumbukumbu ya taarifa hata kama unaliandika kwa Bic. Sisemi utakamatwa kesho. Nasema siku likiibiwa, mia tatu wale wana madai, na mdaiwa ni wewe.

Na hizo namba za NIDA ndani ya daftari. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo aliye na namba yako ana na umri wako bila kukuuliza. Kitu kinachotolewa kopi kila steshenari, kila wakala, kila nyumba ya kupanga, hakiwezi tena kutumika kama siri ya kumjua mtu. Ni jina lako, limeandikwa kwa tarakimu. Mifumo inayokuuliza "namba yako ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa" kwa kukuthibitisha inauliza kitu kimoja mara mbili.

Kosa letu lilikolea 2020. Tangu tarehe 20 Januari mwaka ule, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, tulijiaminisha kwamba namba ya simu ni mtu. Sivyo. Ni kitu ambacho mtu anacho kwa sasa. Wekeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa majina yenu.

#13 Toyo_Majengo

Nimeiweka. Naona laini nne. Mimi nina mbili. Hawa wengine ni nani jamani??

#14 Wakala_DoubleRoad

Ulisajilia kwa vijana wa miamvuli, wale wanaotembea? Alikwambia "weka kidole tena, haijasoma"?

#15 Toyo_Majengo

Mara tatu.

#16 Wakala_DoubleRoad

Ilisoma mara zote tatu mkuu. Nenda kwenye duka la kampuni husika na kitambulisho, hizo mbili uzikane, leo hii. Zikitumika kutapeli, anayeitwa polisi ni wewe.

#17 KopiNaSkani

Wakuu nimerudi na majaribio. Chalii alinitumia ujumbe pembeni kwamba mteja mwenye paskii anaweza kuingia kwenye kompyuta yangu bila mimi kuona kitu: kompyuta inaonesha ule mraba wa madoadoa, mteja anaupiga picha kwa simu yake, anaweka kidole kwenye simu yake, mlango unafunguka kwenye mashine yangu. Ufunguo haugusi mashine yangu kabisa.

Nikajaribu na akaunti yangu. Mraba ukatokea, nikauskani, simu ikasema inatafuta kompyuta... ikatafuta, ikatafuta, ikakata tamaa. Kumbe inataka bluetooth, ili ihakikishe simu na kompyuta ziko chumba kimoja, si tapeli yuko mbali amekutumia picha ya mraba. Nikaielewa mantiki na nikaichukia hapo hapo, maana mashine zangu ni zile za mezani za mtumba kutoka Ulaya, bluetooth hazina. Nikaenda Double Road nikapata kidude cha kuchomeka, elfu nane. Nikarudi. Mashine ya kwanza ikakubali, nikaingia, sikuandika herufi hata moja. Nilijiona mchawi.

Ya pili ina Windows 7, hiyo niliiacha. Chrome yenyewe iliacha kuiletea matoleo mapya tangu mwanzoni mwa 2023, siku hizi naitumia kuchapia barua tu.

Halafu akaingia mteja halisi, mama wa makamo kutoka Kibosho, namwita Mae kwa heshima. Ana kitochi, kile chenye tochi juu na betri ya wiki. Nikamwangalia, nikakiangalia kidude changu cha elfu nane, nikavuta daftari.

#18 Toyo_Majengo

Hahahaha. Elfu nane imelala.

#19 Chalii_wa_Kaloleni

Hapo kwa kitochi sina jibu zuri, na atakayekwambia analo anauza kitu. Kipo kifaa kidogo kama flashi kinachobeba ufunguo, lakini bei yake kwa Mae wa Kibosho ni matusi.

Nirudi kwenye ninachokijua. Nyuzi nyingi huku watu wanaomba "niundie app". Mimi wateja nawaambia hapana. Mwaka jana nilitengenezea chama cha wakulima huku Arumeru mfumo wa kupokea mazao. Karani ana simu ya GB 16, imejaa video za harusi na kwaya. Ukimwambia apakue programu ya MB 90 lazima afute harusi ya dada yake, hafuti. Nikaweka programu ya wavuti: anaifungua kwenye kivinjari mara moja akiwa na bando, inajihifadhi, inaweka alama yake kwenye skrini kama programu nyingine yoyote. Kule shambani hakuna mtandao, anaandika kilo, inazitunza. Akifika barabarani inazipeleka zenyewe. Jambo hili lilipewa jina lake, Progressive Web App, mwaka 2015 na Frances Berriman na Alex Russell, na iPhone ndiyo iliyojivuta kuliko wote, zile taarifa zinazojitokeza zenyewe kwenye skrini (push) iliziruhusu kwa programu za aina hii Machi 2023.

Kwa nini nalisema kwenye uzi wa utambulisho? Kwa sababu karani yule alikuwa ananisumbua kila Jumatatu: "Nimesahau nywila." Nikaweka paskii. Tangu siku hiyo sijasikia. Programu ya wavuti na paskii vimekaa kwenye kivinjari kimoja, hakuna duka la programu katikati. Kwangu hapo ndipo wavuti inapoelekea.

#20 KopiNaSkani

Chalii, karani wako ni kijana, ana simu yake, kazi ni yake. Umefanya vizuri na nakupongeza. Lakini acha niseme lililo moyoni, maana nadhani nimeanza kulielewa tangu swali la mwalimu.

Ninyi wataalamu mnaona tatizo ni siri kuvuja. Mimi nakaa upande wa pili wa kaunta, naona tatizo ni kuwakilishwa. Watu wangu hawanipi nywila kwa ujinga. Wananipa kwa sababu hakuna njia nyingine ya kusema "nifanyie hili, hili tu, leo". Anataka nimjazie fomu ya TIN, ninachopewa ni ufunguo wa nyumba nzima, milele. Daftari langu ni barua mia tatu za uwakilishi zilizoandikwa vibaya.

Mkiondoa nywila bila kuweka kitu hapo, mtaona kitakachotokea. Mama ataniachia simu. Naiona tayari: "Nakwenda sokoni, simu hii hapa, PIN ni mwaka wa mtoto." Sasa nina ufunguo, nina laini, nina pesa zake za simu. Mmeniondolea daftari mkanipa droo ya simu za watu.

#21 Chalii_wa_Kaloleni

Umenipiga pabaya.

Kiufundi kitu hicho kipo. Tangu 2007 kuna utaratibu unaitwa OAuth, toleo la pili 2012. Ulibuniwa ili programu moja iweze kukufanyia kazi kwenye nyingine bila kuipa nywila. Unaona ile skrini "programu hii inaomba kuona kalenda yako, kubali au kataa"? Ndiyo hiyo. Ruhusa ina mipaka, ina muda, unaweza kuinyang'anya. Lakini tuliitengeneza kwa ajili ya programu na programu. Mtu na mtu tulimsahau. Kumpa KopiNaSkani ruhusa ya fomu moja kwa saa moja, jina lake likaandikwa kwamba ndiye aliyejaza, hakuna hesabu ngumu ndani yake. Ni mwenye mfumo kuamua tu kuuandika, na kwenye zabuni nilizowahi kuzisoma sijaliona likidaiwa.

#22 MwalimuMstaafu_Machame

Na muhuri wa mtendaji?

#23 Chalii_wa_Kaloleni

Mwalimu hujasahau. Huo nao una mrithi. W3C ilipitisha mwaka 2019 kanuni za hati za kidijitali zinazojithibitisha, toleo la pili likatoka Mei 2025. Mtoaji, tuseme chuo au serikali, anatia saini ya kihesabu kwenye hati, wewe unaibeba kwenye simu, anayeikagua anaikagua saini bila kumpigia mtoaji simu. Kuna za aina ambayo unaonesha sehemu tu: mwenye baa anajua umetimiza miaka 18, hajui jina lako wala siku uliyozaliwa. Linganisha na kopi ya kitambulisho unayoiacha mapokezi gesti. Umoja wa Ulaya umeziagiza nchi zake ziwape wananchi pochi za namna hiyo ifikapo mwisho wa 2026.

Ila wasitudanganye kwamba wenzetu hawajikwai. Estonia, ambayo kila mtu huitolea mfano, mwaka 2017 iligundulika chipu ya kadi zao za taifa ina kasoro kwenye utengenezaji wa funguo, kadi zaidi ya laki saba. Ilibidi wavisimamishe vyeti vya kidijitali vya kadi hizo na watu wavihuishe. Nasi tukiweka kila kitu kwenye namba moja, tujue pia siku ikikwama tutafanya nini.

#24 Sheria_Njiro

Au tusogee hapa jirani tu. Kenya, Huduma Namba, ule mpango wa namba moja ya utambulisho kwa kila mtu. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema utoaji wa kadi zile ulikosea kwa kuwa haikufanyika kwanza tathmini ya athari kwa taarifa za watu. Fedha zilikuwa zimeshatumika. Mfumo kwanza, maswali baadaye.

KopiNaSkani, daftari umefanyia nini?

#25 KopiNaSkani

Wiki nzima nimelishughulikia, ndiyo maana nimekuwa kimya.

Nimeamua kila mtu apewe ukurasa wake. Nimechukua wembe, nakata karatasi ya mtu inatoka nzima, naikunja, nawapigia. Akija mwenye simu ya Android 9 kwenda juu namwekea paskii pale mfumo unapoikubali, na mifumo inayoikubali bado ni michache, ya kuhesabu kwa mkono mmoja. Kwingine namwambia abadilishe nywila mbele yangu mimi nikiwa nimegeukia ukutani. Wateja wanacheka wanadhani ni mchezo. Namba ya simu iliyokufa tunaitoa, tunaweka inayoishi. Hilo peke yake limekuwa kazi kubwa kuliko mengine yote, karibu kila karatasi ya tatu ina laini ambayo mwenyewe hanayo tena.

Mpaka leo jioni wamekuja arobaini na mmoja. Wengine simu hazipatikani. Mmoja amefariki, mwanaye alikuja kuchukua karatasi, akasimama muda mrefu akiiangalia nywila. Ilikuwa jina lake.

Mae wa Kibosho naye alikuja jana na ndizi za mtori. Nikamkabidhi karatasi yake, nikamweleza yote, sheria, wezi, kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaikunjua, akaisoma kwa mbali kama wasomavyo watu wasio na miwani, akaikunja tena, akairudisha juu ya kaunta.

"Sasa mwanangu," akasema, "mimi nikae nayo wapi? Nyumbani kuna wajukuu saba."

#26 Toyo_Majengo

Ukamjibuje?

#27 KopiNaSkani

Nimenunua bahasha. Nimeifunga mbele yake, akatia sahihi juu ya gundi, nami nikatia. Iko kwenye sefu ndogo ya mke wangu. Bahasha ziko sita mpaka sasa.

#28 Sheria_Njiro

Hilo nalo ni la kusajili Tume, mkuu.

#29 KopiNaSkani

Najua. Fomu yake iko mtandaoni, inataka ufungue akaunti.